Swali Aliloulizwa Absalom Kabla ya Kupanda Meli

Absalom Okello alifanya kazi majini karibu maisha yake yote ya utu uzima, lakini bahari hakuwahi kuiona. Alikuwa fundi wa injini kwenye meli ya mizigo ya Ziwa Victoria iliyotoka bandari ya Kisumu kwenda Mwanza na Port Bell, ikibeba mbolea, saruji na mafuta ya kupikia. Kazi yake ilikuwa chini kabisa, kwenye joto na kelele, na mara nyingi alijua wamefika kwa kusikia tu injini ikipunguzwa kasi. Alipostaafu masikio yalikuwa yamekuwa mazito. Hata mezani aliongea kama mtu anayeshindana na mashine, na mkewe Seline, fundi wa nguo mwenye kibanda soko la Kibuye, alishazoea.

Waliishi mtaa wa Migosi, Kisumu, na walikuwa na shamba dogo kwao Pap Onditi. Binti yao Adero alisomea upishi, akapata kazi ya kuoka mikate kwenye meli ya watalii, zile meli kubwa ambazo watu hupanda si kwa sababu wana mahali pa kwenda, bali kwa sababu wanataka kukaa majini, wale vizuri na kushuka mji huu na ule. Mwaka mmoja alipiga simu akiwa na furaha ambayo hata baba yake aliisikia vizuri. Meli yao ingeanzia Mombasa, ipite Zanzibar na visiwa vya Shelisheli, imalizie Morisi, kisha abiria warudi nyumbani kwa ndege. Wafanyakazi walikuwa wameruhusiwa kuwaleta wazazi kwa nauli nafuu, na Adero alikuwa ameshatanguliza sehemu ya malipo.

"Baba, safari hii utakaa juu," alimwambia. "Utaona maji kwa dirisha."

Kulikuwa na sharti moja tu alilolirudia kila alipopiga simu: wasipande bila bima ya safari. Alieleza kwamba kwenye meli kuna daktari na vitanda vichache vya wagonjwa, lakini ni kama hospitali ya kibinafsi, kila sindano inaongezwa kwenye bili ya chumba chako. Bima ya hospitali ya Kenya haijulikani huko. Tena daktari wa meli akiona ugonjwa umemshinda, mgonjwa hushushwa bandari yoyote iliyo karibu, hata kama ni nchi ambayo hajui mtu. Adero alimwona mama mmoja mzee aliyeteleza bafuni akavunjika nyonga. Alishushwa kisiwani, na watoto wake wakauza gari kumrudisha nyumbani.

Absalom aliona ni maneno ya kutisha watu. Alikumbusha kwamba alipita dhoruba za ziwani usiku na mchana, meli ikilala ubavu, na hakuna mtu aliyemwomba bima. Seline hakubishana. Yeye alikuwa na presha, alimeza dawa kila asubuhi, na alijua mwili haumwulizi mtu kama yuko likizo.

Kwanza alisaidiwa na Brandon, mtoto wa dada yake, ambaye alipata bima ya bei rahisi kwenye simu. Ilinunuliwa kwa dakika chache na haikuuliza chochote zaidi ya jina na tarehe. Kabla ya kulipa, Seline aliamua kuionyesha kwa Metrine Wakhungu, mteja wake wa siku nyingi. Metrine alikuwa wakala wa bima mjini, ofisi yake ikiwa ghorofani juu ya duka la dawa, na gauni zake zote za kanisani zilishonwa na Seline.

Metrine alisoma kwenye simu polepole, hadi yale maandishi madogo ya mwisho. Bima ile ilihusu safari za ndege na hoteli tu. Habari ya meli haikutajwa, na ugonjwa wowote ambao mtu alikuwa nao kabla ya kusafiri haukulipiwa. Maana yake, presha ikimpanda Seline baharini, angekuwa peke yake.

"Mama, bima isiyokuuliza kitu leo itakuuliza siku umelala kitandani," Metrine alisema. Kisha akamwomba arudi na mumewe, kwa sababu kila mtu lazima ajibu kwa kinywa chake.

Absalom alikuja shingo upande, amevaa koti. Metrine aliwapa viti na kuwaeleza bila haraka. Bima wanayoitafuta ni ile inayotaja safari ya meli waziwazi: ilipe daktari wa meli, ilipe hospitali ya nchi kavu, na zaidi ya yote ilipe kumtoa mgonjwa melini na kumfikisha nyumbani, kwa maana hapo ndipo gharama huwa kubwa kuliko nauli yenyewe. Irudishe pesa kama mmoja ataugua kabla ya safari. Iwasaidie kuifuata meli bandari ya mbele kama wataachwa. Lakini aliwashauri wasitegemee hilo la mwisho. Waondoke Kisumu mapema wakalale Mombasa, kwani barabara ya Ahero ikifurika au ndege ikichelewa, meli haimngoji mtu. Wainunue sasa, wasingoje siku ya mwisho, ili iwalinde hata katika majuma ya kungoja.

Kisha akaanza maswali ya afya. Seline alisema presha yake na dawa zake, akaitaja hospitali anayopimwa. Ilipofika zamu ya Absalom, Metrine aliuliza kuhusu sukari, akajibu hapana. Presha, hapana. Pumu, hapana. Operesheni, hapana.

"Na moyo, mzee? Kuumwa kifua, kuishiwa pumzi ukipanda ngazi?"

Absalom alinyamaza. Metrine alidhani hakusikia, akarudia kwa sauti. Seline alicheka kidogo, akasema masikio ya huyu ni ya injini. Mumewe hakucheka. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Nikisema hapana, na iwe ndiyo, itakuwaje?" aliuliza.

"Hawatalipa," Metrine alijibu. "Watatafuta rekodi zako, na wakipata ulificha, hata kama umeanguka baharini, hawatalipa. Ukisema, wanaweza kuongeza bei, au wakatae. Lakini utajua umesimama wapi."

"Basi andika ndiyo. Niko na moyo, Metrine. Ni mwaka sasa. Napewa dawa Muhoroni."

Chini barabarani mtu alikuwa anatangaza bei ya viatu kwa kipaza sauti. Seline aliomba maji. Katika mwaka huo wote, kila mwisho wa mwezi, mumewe alikuwa amemwambia anakwenda Muhoroni kumjulia hali Walter, rafiki yake aliyestaafu kiwanda cha sukari. Yeye alimfungia hata samaki wa kumpelekea.

Walitembea hadi nyumbani. Mlangoni Seline aliuliza swali moja tu, kama Walter alijua. Absalom alikiri kwamba Walter ndiye aliyempeleka kliniki mara ya kwanza, siku kifua kilipombana wakiwa wamekaa kwake. Seline alisema kwamba hilo ndilo linalomuuma. Kwamba mtu wa Muhoroni alijua habari ya mumewe kabla yake.

Usiku huo Absalom alieleza, na ilimchukua muda, maana hakuwa mtu wa maneno. Mwaka uleule Seline alikuwa amemzika Mathews, kaka yake, ambaye moyo ulisimama akiwa shambani. Baada ya mazishi Seline alikaa wiki nyingi bila kugusa cherehani. Absalom aliona akimwambia, mkewe ataanza kumlilia akiwa bado mzima. Kwa hiyo alinyamaza, na kunyamaza kukazaa kunyamaza kwingine.

Seline alisikiliza. Hakumsamehe usiku huo wala wiki hiyo. Lakini siku iliyofuata aliandamana naye kwa daktari wa Muhoroni, na akauliza mwenyewe maswali yote ambayo mumewe hakuwahi kuyauliza: dawa ipi inamezwa kila siku, ipi inawekwa chini ya ulimi wakati wa maumivu, na kama mtu wa namna hii anaweza kupanda meli. Daktari alimpima tena, akasema anaweza, mradi asikose dawa. Aliandika ripoti, Metrine akaituma kwa kampuni ya bima, na kampuni ikakubali kwa bei ya juu zaidi. Adero aliambiwa na mama yake. Alilia kwenye simu, kisha akalipa nyongeza.

Walishuka Mombasa mapema kama walivyoshauriwa. Nambari ya dharura ya bima Metrine alitaka iwe kwa wote wawili, kwa sababu anayeugua si yeye atakayepiga simu. Seline aliishona ndani ya mkoba wake, kwenye kitambaa cha bitana, na nakala nyingine akaiweka mfukoni mwa koti la Absalom.

Siku za kwanza zilikuwa nzuri kuliko walivyotarajia. Absalom alisimama dirishani hata akasahau chakula. Alishangaa kwamba bahari haina harufu ya ziwa, haina magugu, haina upande wa pili. Adero, ambaye alikuwa akitoka jikoni na unga kwenye viwiko, alimwombea ruhusa ya kuona chumba cha kuongozea injini. Fundi mkuu alimwonyesha vioo na taa. Aliporudi juu alimwambia Seline kwamba watu wa siku hizi wanaendesha injini wamevaa mashati meupe. Alilirudia hilo kwa kila aliyemsalimia.

Ilikuwa wakati wa chai ya asubuhi, Zanzibar ikiwa nyuma na Shelisheli mbele, Absalom alipoweka kikombe chini kwa uangalifu.

"Mama Adero," alisema kwa sauti ndogo, sauti ambayo mkewe hakuwa ameisikia kwa miaka. "Imeanza."

Seline alimwekea dawa chini ya ulimi na kumwita mhudumu. Daktari wa meli alimfunga nyaya za mashine, akapima damu, akasema mshipa mmoja wa moyo unaziba na kwamba anahitaji hospitali. Walimtuliza hadi meli ikatia nanga Mahe, kisiwa kikuu cha Shelisheli. Mji wa hapo unaitwa Victoria, na Absalom, akiwa amelazwa kwenye machela, alipoambiwa jina hilo alisema basi hajafika mbali.

Adero hakuweza kushuka nao. Mkataba wake ulimfunga na mikate ya watu elfu kadhaa ilikuwa inamngoja. Alimbusu baba yake kwenye paji la uso, akasimama kwenye ngazi ya meli na aproni yake, na Seline alipogeuka kutoka kwenye gari la wagonjwa bado alikuwa pale. Jioni meli iliondoka naye.

Seline alibaki kwenye benchi la hospitali katika nchi ambayo hakumjua hata mtu mmoja. Alipiga ile nambari. Aliyepokea alikuwa msichana aliyejitambulisha kama Shantel, na aliposikia Kiswahili cha mama wa Kisumu naye akajibu kwa Kiswahili. Aliuliza jina, hospitali, na hali ya mgonjwa. Kisha akauliza kama ugonjwa huu wa moyo ulitajwa wakati wa kununua bima.

"Ulitajwa," Seline alisema. "Alisema mwenyewe, mimi nikiwa hapo."

Shantel alikawia kidogo akitafuta, kisha akamwambia ameona ripoti ya daktari wa Muhoroni, na kwamba hospitali itapigiwa simu sasa hivi ili mama asidaiwe kitu mlangoni. Seline aliweka simu kwenye mapaja, akafunika uso kwa leso. Ndipo alipolia mara ya kwanza tangu ile siku ya ofisini.

Si kila kitu kilikwenda sawa. Kampuni ilisitasita kuhusu namna ya kumrudisha Absalom. Wao walitaka apande ndege ya kawaida kama abiria, daktari wa Mahe akasema hapandi bila muuguzi. Metrine, akiwa Kisumu, aliwapigia asubuhi na jioni hadi wakakubali. Masanduku yao yalikuwa yameendelea na safari hadi Morisi, na Seline aliishi kwa gauni mbili alizonunua sokoni, ambazo alizifumua na kuzishona upya jinsi alivyotaka. Sehemu ya likizo waliyoikosa walirudishiwa nusu tu.

Lakini Absalom alifika Nairobi akiwa hai, muuguzi pembeni yake, akawekewa kifaa kidogo cha kupanua mshipa, na baadaye akarudi Migosi. Adero alikuja mkataba ulipokwisha, akaburuta masanduku ya wazazi hadi ndani. Baba alimtaka asimulie Morisi kuna nini. Alisikiliza hadi mwisho, mkono nyuma ya sikio, huku Seline akimsahihisha kila aliposikia vibaya.

Daktari alimwagiza atembee kila jioni, asikimbie, asipande mlima. Basi jua likipungua hushuka kuelekea ziwani, Seline ubavuni. Mwanzoni alimfuata kwa sababu hakumwamini. Siku hizi humfuata kwa sababu ni saa ya kutoka. Wakifika mahali mama mmoja anapochoma mahindi, hununua moja, huligawa katikati, na kurudi wakitafuna, Absalom akiongea kwa sauti ambayo wapita njia wote huisikia.