Waliopona Walikuwa Mashambani

Kwetu Mamba, kwa miaka mingi, ukitaja upasuaji wa rovu watu walimfikiria mtu mmoja tu. Alikuwa mama jirani yetu, aliyepasuliwa shingo mbali na nyumbani, akarudi bila uvimbe na bila sauti. Alikuwa akinong'ona. Akitaka kumwita mtu aliye ng'ambo ya uwanja, aligonga sufuria kwa mwiko. Watoto walimzoea, sisi wakubwa tukamzoea, lakini mama yangu mzazi hakumzoea kabisa. Kila alipoisikia ile sufuria alijishika shingo.

Mama naye alikuwa na rovu. Lilianza nikiwa shule ya msingi, dogo kama limao, na nilipomaliza udaktari na kupangiwa kazi Mpanda lilikuwa limeijaza shingo yote. Alilifunika kwa kitambaa na kuendelea kuimba. Alikuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya, na sisemi kwa kuwa ni mama yangu: kuna mahali kwenye wimbo wa Utukufu ambapo waumini walinyamaza ili wamsikilize yeye, jambo ambalo padre hakulipenda hata kidogo.

Kilichonitisha kilikuwa gunia. Nilikwenda likizo nikakuta gunia la mpunga limesimamishwa kitandani kwake, limeegemea ukuta, naye analala amekaa, ameliegemea.

"Nikilala chali nakabwa," alisema, kama mtu anayelalamikia mbu.

Nilisogeza sikio. Pumzi yake ilikuwa ikipiga mluzi. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, nikapaza sauti kwamba njia ya hewa inabanwa na kwamba siku moja itaziba kabisa, nani atamkuta?

"Shikamoo hujanipa, unanipigia kelele."

Nikampa shikamoo yake. Alipoitikia marahaba nikaendelea na kelele zangu. Nilimwambia kwamba baada ya mavuno madaktari bingwa watakuja Mpanda kwa kambi, na kati yao yuko wa upasuaji wa shingo. Alikataa. Alisema afadhali abanwe huku anaimba kuliko apumue huku anagonga sufuria. Nilirudi Mpanda nikilia ndani ya basi, na kwa kuwa tulikuwa tunapita hifadhini na mbung'o wamejaa madirishani, abiria wenzangu walidhani nimeumwa, wakanionea huruma.

Siku za Jumatano, baada ya kupita wodini, madaktari wachache tunakaa kwenye chumba cha mikutano na chai na maandazi, tunasoma tafiti. Wengine wanakuja kwa ajili ya maandazi. Mimi ile ndiyo starehe yangu, hasa tunapopata uchambuzi unaokusanya tafiti nyingi zilizouliza swali moja. Utafiti mmoja unaweza kusema hivi na mwingine vile, kwa sababu watu walikuwa wachache au kazi ilifanywa ovyo. Wachambuzi huziweka zote mezani, iliyofanywa kwa makini na watu wengi wanaipa uzito, ya ovyo wanaipunguzia, halafu wanatazama zote kwa pamoja zinaelemea wapi. Nimelelewa kati ya watu wanaomaliza ubishi kwa kusema, "Mbona shangazi alikunywa akapona?" na hapo mazungumzo yameisha. Kwenye uchambuzi ule shangazi yumo, anaheshimiwa, ila anahesabiwa kama mtu mmoja.

Basi nikatafuta rovu na sauti. Nilisoma kila nilichokipata, na jibu lilielemea upande mmoja: walio wengi hubaki na sauti zao. Kuipoteza moja kwa moja kupo, lakini ni kwa wachache, na wanapungua zaidi mpasuaji akiwa ni mtu anayeifanya kazi hiyo mara kwa mara. Nilimpigia mama simu palepale, maandazi bado mkononi, nikamweleza yote kwa mbwembwe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Hao waliohesabiwa," akauliza, "walikuwa wanaimba?"

Nilirudi kwenye karatasi nikasoma upya. Wagonjwa walikuwa wameangaliwa kooni kwa kamera, wameulizwa kama wakiongea wanasikika, kama watu huwaomba warudie walichosema. Kuhusu kuimba niliambulia tafiti chache, za watu wachache, nazo hazikukubaliana vizuri. Ila zile zilizouliza ziliwakuta waimbaji ambao sauti za juu ziliwaponyoka, wengine kwa miezi, wengine moja kwa moja.

Mwenzangu mmoja wa Jumatano alinishauri ninyamaze. "Akijua hilo hatakuja, na asipokuja atakufa. Utakuwa umemsaidia nini?" Nililifikiria siku nzima na usingizi ukawa wa mang'amung'amu. Kisha nikamweleza mama kila kitu, kwa sababu shingo ilikuwa yake na wimbo ulikuwa wake.

"Basi ndiyo hivyo," alisema. "Na mimi huku nimewaona kwa macho. Waliopasuliwa kwenye kambi zenu zilizopita, ninaokaa nao kanisani, hakuna aliye mzima. Mmoja vidole vinakakamaa. Mwingine kidonda kilitunga usaha, kovu linamvuta mpaka leo. Na jirani unamjua. Wewe una karatasi, mimi nina watu."

Neno hilo liliniuma. Niliomba ruhusa kazini nikaenda nyumbani wakati mvua imekolea, nikiwa nimejiandaa kugombana. Nilifika Jumamosi, na Jumapili nikaenda naye misani.

Kanisa lilikuwa limepwaya. Benchi zima lina bibi mmoja na mjukuu. Kwaya ilikuwa imebaki na sauti za kuokoteza, mama akiwa mbele na kitambaa chake, akivuta pumzi katikati ya neno, jambo ambalo zamani asingelifanya. Benchi la kushoto walikaa wale aliowataja, wote watatu, kama alivyosema. Wakati wa matoleo nikaanza kuwatafuta watu wangu. Shangazi yuko wapi? Yule mpiga kinanda je? Wasichana niliosoma nao?

Walikuwa mashambani. Kwetu mvua ikishakaa sawa, mwenye nguvu zake hufunga mlango kwa waya, hubeba sufuria, jembe, mkeka na kuku, akahamia bondeni kwenye mpunga. Huko hujenga kibanda, hufukuza ndege na viboko, na katekista huwafuata hukohuko kusali nao. Nyumbani hubaki wazee, na wagonjwa, na wasioweza kuinama. Mama alikuwa amebaki kwa sababu ya pumzi yake, na akawahesabu waliobaki kwa sababu kama hiyohiyo. Waliopona hawakuwa kanisani. Walikuwa matopeni.

Nilicheka kwa sauti, katikati ya matoleo. Mama aligeuka akanitazama kwa lile jicho la utotoni.

Kesho yake nilichukua bodaboda mpaka njia ilipoishia, nikavua viatu nikashika tuta. Kwenye kila kibanda niliulizia mama aliyepasuliwa rovu. Wa kwanza nilimkuta anapandikiza mpunga, kovu lake limekuwa uzi tu, tena limeingia tope.

"Ah, hilo?" alisema akijipapasa. "Nilishalisahau."

Nikamwomba aniimbie ubeti mmoja nirekodi kwenye simu, nimpelekee mama. Alicheka mpaka akakaa juu ya tuta. Alipoanza kuimba, majaruba ya jirani yakaitikia, watu hata siwaoni, nikalazimika kuwafokea wanyamaze nimsikie mmoja. "Nyie, hebu subirini kwanza!" Kwa siku mbili nilizunguka bondeni hivyo. Wengi waliimba vizuri. Mmoja alianza kwa nguvu, alipofika juu sauti ikakatika kama uzi. Akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Hiyo usimpelekee mama yako," alisema.

Nilimwambia nitaipeleka, kama ataniruhusu. Alitafuta mche mwingine, akauchomeka, kisha akasema, "Haya."

Jioni nilimkuta mama barazani anachambua mchele. Nilikaa chini nikaziwasha sauti moja baada ya nyingine. Hakuhitaji kuambiwa ni nani.

"Huyu ni sauti ya pili tangu usichana wake. Kisu hakijaigusa sauti yake." Akachagua punje. "Huyu nilisimama naye sauti ya kwanza. Ameshuka. Lakini anaimba, eh, anaimba."

Mimi nilikuwa nimekwenda bondeni bila kujua sauti zao za kabla ya kisu zilikuwaje, na bila hiyo rekodi zangu zilikuwa nusu ya habari. Nusu nyingine alikuwa nayo yeye, mwenye miaka yote ile ya kusimama nao bega kwa bega. Tulifanya kazi pamoja mpaka ungo ukaisha, na sijawahi kufurahia Jumatano yoyote kama nilivyofurahia jioni ile.

Ilipofika ile iliyokatika aliniambia nirudishe. Nikarudisha. Akasema nirudishe tena.

"Mbona hii hukuificha?"

"Ungeisikia akirudi kutoka shambani."

"Ningekuchapa," alisema, na kidogo acheke.

Nilimwambia pia kwamba asinielewe vibaya, hawa ni wachache tu, wengine sikuwapata, wengine wameshahamia Ikola, ziwani, kwenye dagaa na sijui hali zao, kwa hiyo hii siyo...

"Umeanza tena," alinikatiza. "Huyo daktari wenu, shingo anazipasua mara kwa mara?"

Nilikuwa nimeshauliza. Huko anakofanyia kazi ndiyo kazi yake ya kila wiki.

"Kushuka nitaweza," alisema mama. "Mwambie humo ndani kuna sauti. Aingie polepole."

Siku ya upasuaji nilikaa nje ya chumba kama ndugu yeyote wa mgonjwa. Takwimu zote nilikuwa nazo kichwani na hazikunisaidia kitu. Zilikuwa zinazungumzia wanawake wengi, na mle ndani alikuwemo mmoja, wa kwangu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Bingwa alipotoka alisema kazi imekwenda vizuri, mishipa ya sauti ameiona pande zote mbili na ameiacha salama. Ila sauti yenyewe tungeijua baadaye.

Alipozinduka niliinama. "Mama."

Midomo ilicheza. Pumzi tu ikatoka.

Nilielezwa kwamba koo limechubuliwa na mpira wa kupumulia, tusubiri. Hayo nami huwaambia ndugu wa wagonjwa kila siku, na sasa nilijua yanavyoingia sikioni. Tulisubiri siku moja, na nyingine, akawa ananong'ona tu. Siku ya tatu alinionyesha kwa mkono kwamba anataka kitu. Nikadhani maji. Akakunja ngumi, akagonga hewani, akaonyesha duara la sufuria. Alikuwa anaomba mwiko! Nililia mbele ya wauguzi, naye akacheka bila mlio, ameshika bandeji.

Nilimpeleka nyumbani kwangu Mwamkulu, nje kidogo ya Mpanda, apate nafuu. Asubuhi moja napiga mswaki nikasikia mtu nyuma ya nyumba anafukuza kuku kwenye mahindi yangu. "Tokeni! Shenzi nyie, tokeni hapo!" Sauti ilikuwa nzito, ina mikwaruzo, na kuku walikuwa mbali nao wakaisikia. Nilitoka mbio na povu mdomoni.

"Nini?" aliuliza. "Umewaacha wanakula mahindi halafu unalia?"

Sauti ya juu haikurudi yote. Jumapili ya kwanza kwenye kwaya alikwenda kusimama mahali pake pa siku zote, akaimba kidogo, kisha akachukua kitabu chake akahamia mstari wa sauti ya pili. Aliniambia alilia siku hiyo, na kwamba wenzake wa mstari wa pili walimsogezea nafasi. Sasa anameza kidonge kila asubuhi, badala ya tezi aliyotolewa shingoni, na analala chali, amenyooka. Lile gunia tulilitoa kitandani tukakoboa mpunga wake tukaula.

Mwaka huu kambi imetangazwa tena, na wanawake wenye vitambaa shingoni wameanza kupiga hodi kwa mama. Nilikuwepo likizo wawili walipokuja. Aliwakaribisha, akawapa maji, akasimama akaanza ile sehemu ya Utukufu, kwa sauti yake ya zamani, ya kwanza. Alipanda vizuri, akapanda, na pale ambapo waumini walikuwa wakinyamaza ili wamsikie, sauti ikakatika. Hakuikwepa. Alirudi nyuma akaipanda tena, ikakatika palepale.

"Mmesikia? Hapo ndipo ilipoishia," aliwaambia. "Pumzi ninayo, usingizi ninao, hapo pa juu sina."

Kisha alijifunga khanga, akawapeleka uwanja wa pili kwa jirani anayenong'ona. Niliwaona wote wanne wamekaa kwenye mkeka, wageni wameinama karibu kumsikia, naye anawaeleza taratibu, mwiko umewekwa kando. Mama alipomaliza na hapo aliwaonyesha kwa kidole njia ya bondeni.

"Kesho amkeni mapema," alisema. "Wengine wako huko."