Linda, Koplo

Harufu ya mukene, vile vidagaa vikavu vya ziwani, hadi leo hunirudisha kwenye mlango wa nyumba yetu katika kambi ya polisi. Wengine huziba pua. Mimi husimama hapo sokoni nikinusa, mpaka muuzaji anaanza kunishuku.

Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa Mganda, baba askari kutoka Lira, kule kaskazini, na Kiganda cha baba kilitosha kuombea chumvi tu, kwa hiyo nyumbani tulizungumza Kiswahili. Mbwa wetu aliitwa Koplo, kwa sababu baba alisema ni mvivu na anapenda kupigiwa saluti. Uvivu huo ulimtoka kila alipomwona jirani yetu Hajati akienda kuswali msikiti wa Kibuli. Ijumaa moja alimrukia, akamlamba mkono na baibui.

“Afande, mbwa wako amenitia najisi,” Hajati alimwambia baba kwa sauti ya chini, na upole ule ndio ulionitisha. “Sasa nirudi nijitoharishe upya, na swala inanipita.”

Baba aliona aibu kweli. Zilikuwa zimebaki wiki tatu asafiri kwenda kulinda amani nchi ya nje. “Koplo ajifunze kukaa kabla mimi naenda,” alisema. “Akishindwa, anaenda Kisenyi kwa watu wa gereji.”

Nililia mpaka akanihurumia. Akanifundisha jinsi alivyoona kwa wenzake wa kikosi cha mbwa, bila fimbo wala makelele. Kwanza nichague neno moja, nisilibadilishe. Nilichagua linda, neno ambalo sisi watoto tulikuwa tukiambiana uwanjani siku nzima, maana kwa Kiganda ni ngoja. Baba alifurahi kupita kiasi.

“Linda! Hiyo ni neno ya polisi kabisa.”

Nilidhani ananitania.

Nilifumba mukene mkononi. Koplo alinusa, akakwaruza, akanilamba vidole vyote, akachoka, akaketi. “Linda,” nikasema, nikahesabu moja, nikampa. Kesho yake nilirudi nyuma hatua moja, nikamwendea tena, nikampa. Akiinuka mapema sikumkemea. Tulianza upya, karibu zaidi. Siku moja nilikuwa mbali, nikaona uvivu, nikataka kumwita aje achukue mwenyewe. Baba alinishika bega.

“Usiite yeye. Wewe ndio unarudi. Akijua utarudi, atakaa.”

Ijumaa ya mwisho Hajati alitoka. Koplo alitetemeka toka mkia hadi masikio, lakini hakunyanyuka. Hajati akapita, baibui amelikusanya kwa mikono miwili, akasema bila kugeuka, “Mashallah. Huyu ana adabu kuliko watoto wa kambi hii.” Niliwahi kufaulu mitihani baadaye, sijapata tena furaha kama ile.

Jumatatu baba aliondoka. Pale mlangoni alimpapasa Koplo kichwani, kisha akanipapasa mimi.

“Linda,” aliniambia.

Basi nikangoja, miezi ikapita. Hata habari ilipokuja kwamba baba amefariki hukohuko, sikuiamini. Niliketi kizingitini na Koplo, mukene mkononi, nikiwa na hakika, kwa sababu anayesema neno lile ndiye anayerudi. Ndani mama alikuwa analia chumbani na wadogo zangu wawili wanalilia chakula. Nilisikia yote, sikuinuka. Hajati ndiye aliyekuja. Alipita palepale kizingitini, baibui likamgusa Koplo, hakulitazama hata kidogo. Aliingia jikoni akawakorogea watoto uji.

Nilikuwa mtu mzima, nina nyumba yangu Kyambogo, siku niliyomwambia binti yangu alinde mlango nikimbilie dukani. Nilisikia neno lile kwa sauti ya baba, nikaketi palepale kizingitini. Baba hakujua Kiganda. Miezi yote ile mimi na yeye tulikuwa na neno moja, kila mtu na maana yake. Najua nilikuwa mtoto, na bado naona haya. Baba aliniachia nyumba niilinde, mimi nikakaa nikitazama njia.