Masika amemwaga maji ndani ya mtumbwi wangu

Leo nimempigia mke wangu kelele mbele ya mwalo mzima, hapa tunapoegesha mitumbwi.



Mtumbwi wangu ulikuwa unaingiza maji. Mkono mmoja kwenye wavu, mwingine kwenye kopo la kuchotea maji. Na viboko wa huku hawasubiri umalize kuchota!

Nimepaka lami chini ya kiti, pale maji yanapojaa. Nikapaka tena. Wapi!

Asubuhi nimeuvuta nchi kavu, nikaufuta mpaka ukakauka. Masika, mke wangu, mtu wa Bwera, akaja na jerikeni. Akamwaga maji yote ndani.

"We mwanamke! Umerogwa?"

"Nyamaza. Angalia huku inje."

Tukainama. Hata wauza samaki wakasogea.

Mbele kabisa, mbali na lami yangu yote, ubao ukatoa tone. Likafuata lingine. Mtumbwi unalia machozi, jamani!

Akaweka alama ya mkaa. Tukayamwaga maji, jua likaukausha ubao, tukashindilia pamba kwenye ufa, tukapaka lami juu.

"Nani alikufundisha?"

"Jerikeni ikitoboka, unatafutaka tundu namna gani? Si unaijaza maji?"

Semeni ukweli, nyinyi mulijua hii?

Jioni nilipotaka kuingia ziwani, kopo silioni. Nikaenda hivyo hivyo, moyo mkononi. Nimerudi miguu mikavu.

Kopo nimelikuta nyumbani mlangoni. Masika amelijaza udongo, amepanda kitunguu.