Sahani ya Shangazi

Leo asubuhi nimepeleka gari gereji, hapa Firq, fundi akanambia nisubiri. Gari ni yangu, nimeinunua kwa pesa za cherehani yangu, ingawa skuli sikufika mbali. Basi nimekaa kwenye kiti cha plastiki, jikoni kwa jirani wa gereji wanachemsha papa mkavu, na harufu ile ikanirejesha kwa bibi yangu, Nizwa, miaka ya vita vya kusini, jeshi la Sultani na waasi.

Tulikuwa wageni, tumetoka Unguja na vikapu vyetu. Shangazi yangu alikuja na Kiingereza chake, na jeshi lilikuwa linatafuta watu wa swichibodi, wa kuunganisha simu. Wakamchukua yeye na wanawake wenzake wa Kizanzibari. Landrova ikija kumchukua jioni, ikimrudisha asubuhi na masikio mekundu kwa kubanwa na visikilizio. Kazi yenyewe alinionesha kwa chujio la tui na njiti za kiberiti. Tundu hili Salala, hili Maskati. Huyu anamtaka yule, unachomeka, wanasema.

Ami yangu, kitinda mimba wa bibi, alikuwa askari huko kusini. Majina ya waliojeruhiwa na waliokufa yalipita kwenye swichibodi ile, na bibi alilijua hilo.

"Nambie tu, mwanangu yu hai?"

"Mama, nimekula kiapo. Ya kambini yanabaki kambini."

"Aliyekuzaa ni mimi, si jeshi."

"Najua, Mama. Nipe chai."

Bibi akaacha kuuliza, akaanza kuitazama sahani. Kila asubuhi alimwekea chapati na mchuzi wa papa. Shangazi akila vizuri, bibi anafua huku anaimba. Akichokoachokoa, bibi hanyanyuki kwenye mswala.

Siku moja shangazi alirudi akamkuta jirani yetu, mzee wa Kinizwa, yuko barazani anakunywa kahawa. Bibi akaleta sahani. Shangazi akaisukuma, akaingia kulala. Bibi akaifunika kawa, akaanza kulia.

Adhuhuri nyumba ilijaa. Wanawake wanalia, mikeka imetandikwa, madele ya kahawa yamepangwa. Shangazi akatoka chumbani nywele timtim.

"Nani kafa?"

"Mdogo wako," akasema mmoja.

"Nani kakwambieni?"

Wote wakamtazama bibi. Bibi akaitazama sahani, bado imefunikwa kawa.

Sasa kwetu mwanamke anayefunga kulipa siku zake za Ramadhani hatangazi mbele ya wanaume; kila mtu anajua kwa nini anazo za kulipa. Ndiyo maana asubuhi alinyamaza. Lakini mamake alikuwa anaomboleza mtoto, na mzee jirani bado yuko mlangoni.

"Nimefunga, Mama," akasema kwa sauti. "Nalipa."

Mzee akageuka kuutazama ukuta. Bibi akamshika shangazi mkono.

"Na mwanangu?"

"Mimi nimesema nimefunga."

Hakuna aliyeondoka. Magharibi ilipoadhiniwa shangazi akala tende, akanywa maji, akaitaka sahani yake ya asubuhi. Akala chapati zile zilizopoa, akafuta mchuzi wote, akaomba nyingine, huku macho hayamwachi mamake. Bibi akasimama, akajifunga kanga vizuri.

"Haya, nendeni makwenu. Mnangoja nini?"

Ami alirudi vita vilipokwisha, anachechemea kidogo, akaoa. Bibi tumeshamzika. Swichibodi zile nazo zimekwenda, na watu wa kunyamaza namna ile siwaoni tena. Shangazi yuko Ibra kwa binti yake, ametusahau majina sote, lakini ya kambini hajayasema hata leo. Watoto wake wananitumia picha zake kwenye simu, na maelezo marefu ya madaktari kwa sauti. Siyasikilizi. Kila asubuhi nampigia binti yake, namuuliza neno moja tu.

"Kala?"

Nimempigia sasa hivi, hapa gereji.

"Kala, dada. Na kataka tena."

Fundi kaja kusema gari bado. Nikamwambia hapana haraka.