Saini ya Wifi

Kituoni walimwita Mama Gia. Miaka ishirini na nane aliendesha teksi moja, na gia ya gari lile ilikuwa haimkubali mtu mwingine. Hata fundi aliyeitengeneza ilimgomea. Mama Gia akikaa, inaingia bila neno. Alikuwa mjane, hana mtoto, na hakuzoea kumwomba mtu kitu. Hilo alilijua, na alilipenda.

Kilichomwangusha ni goti la kushoto, goti la klachi. Lilivimba likawa kama papai. Daktari akamwambia aache kuendesha. Mama Gia akamwuliza, je, yeye daktari akiumwa shingo ataacha kutazama wagonjwa? Akabeba mkoba wake akatoka. Lakini ngazi za nyumbani kwake alizipanda kwa matako, moja moja, mlango wa nje umefungwa asionekane.

Ndipo akasikia habari za gari la umeme. Halina klachi, gia ya mkono halina, kazi yote ni ya mguu wa kulia. Gari la petroli lisilo na klachi alishaliulizia, akaambiwa linakunywa kuliko mlevi. Basi akaenda kwenye duka la magari upande wa pili wa mji, wakampa la umeme alizungushe uwanjani. Alizunguka mara tatu, na goti halikusema kitu. Machozi yalimjia, akayameza, maana muuzaji alikuwa anamtazama.

Muuzaji, kijana wa tai, akasema limebaki moja tu la bei ile, atamwekea mpaka Jumamosi saa sita mchana. Kisha akauliza, "Mama, nyumbani utachajia wapi?"

Hapo ndipo alipokamatika.

Nyumba yao iliachwa na baba mkwe. Juu anakaa Mama Gia, chini anakaa wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Mita ya umeme iko ukutani kwa wifi, kwa jina la wifi. Waya wa juu ni mwembamba, ukipiga pasi taa inafifia. Fundi umeme alipanda, akashuka, akasema juu haiwezekani, nyumba itaungua. Soketi ya gari itoke chini kwenye mita, na mwenye mita atie saini kukubali. Mtaani kwao hapakuwa na pengine pa kuchajia.

Na huyo wifi hawaongei naye. Hujambo wifi, sijambo, basi. Miaka kumi na moja. Siku ya msiba Mama Gia alisema mbele ya watu wote kwamba wifi hakumwosha kaka yake hata siku moja katika miezi saba ya ugonjwa. Neno lile lilikuwa la kweli siku ile, na bado lilikuwa la kweli.

Jumatatu alishuka mpaka mlangoni, akasikia redio ndani, akapanda tena. Jumatano alisukuma karatasi ya kukubali soketi chini ya mlango. Alhamisi akaikuta kwenye ngazi ya kwanza, imekunjwa vizuri, haijasainiwa, na kalamu imewekwa juu yake. Kalamu ile ilimchoma kuliko tusi. Akatafuta pa kutokea. Ahame, na umri wa miaka sitini na moja, aache chumba alichofia mumewe? Aache teksi, akae atazame ukuta? Kila njia aliyoishika ilimrudisha kwenye mlango ule ule wa chini.

Ijumaa akabisha. Wifi akamkaribisha kama waliachana jana, akamketisha kwenye kigoda kifupi kinachotesa goti. Alisikiliza mambo ya soketi mpaka mwisho. Akasema kutia saini si kazi, ila atakwenda mwenyewe dukani akaone anachokitilia saini.

Jumamosi walikwenda kwa teksi ile ya zamani. Wifi alikuwa amevaa viatu vya ngozi na kujipaka manukato. Injini ilinguruma njia nzima, hakuna aliyelazimika kusema. Kila klachi Mama Gia alijiuma mdomo.

Mezani kwa muuzaji wifi akafungua kalamu, akaisimamisha juu ya karatasi.

"Sema kwanza," akasema.

"Niseme nini?"

"Unajua."

Muuzaji akacheka, akidhani ni utani wa mawifi. Akawakumbusha saa. Nje ya kioo bwana mmoja mwenye tumbo alikuwa analizunguka lile gari la umeme, anapigapiga magurudumu kwa kiatu. Mama Gia akatazama. Akisema, kila jioni ya maisha yake atafungwa kwa waya kwenye ukuta wa wifi. Asiposema, zimebaki ngazi na matako. Bwana yule akafungua mlango wa gari.

"Lile neno la msibani," Mama Gia akasema, "nisingelisema mbele ya watu."

"Mbele ya watu tu?"

"Mbele ya watu."

Wifi akamkazia macho. "Mkaidi wewe. Hata kaka yangu alisema." Akatia saini polepole, herufi kubwa kubwa, kama mtu anayekata kitambaa cha bei.

Gari la zamani likabaki uani mwa duka, sehemu ya malipo. Mama Gia hakuligeukia, aliogopa kuligeukia. Jipya likatoka bila sauti. Goti lilitulia kama la msichana. Lakini humo ndani alimsikia wifi akipumua, akaisikia pete yake ikigonga kifungo cha mkoba. Kwenye taa nyekundu walisimama, na hapakuwa na injini ya kunguruma.

"Kimya kweli," wifi akasema. Akavuta mkanda, akajiweka sawa. "Sasa niambie, wifi. Alipokuwa anaumwa, aliniulizia?"

Mumewe alimwulizia kila siku, miezi yote saba, na hilo wifi hakuwahi kuambiwa.

Taa haikubadilika. Mkono wa Mama Gia ukaenda wenyewe kutafuta gia, ukapapasa, ukarudi mtupu.