Nilivyofunga AC ya central nyumbani Zinga, na chetezo cha Bi Mkubwa kikaniumbua

Wakuu, salaam kwenu wote, pamoja na nyie mnaosoma humu mkijifanya mpo bize kazini.

Kila wiki naona mtu anauliza kama central AC inafaa kwa nyumba ya kawaida, na wanaomjibu wengi hawajawahi kuifunga. Mimi nimeifunga, imeniaibisha, na leo sitaki kusikia habari ya AC nyingine. Nitaeleza ilivyokuwa, hata pale ninapoonekana bwege.

Nyumba yangu ipo Zinga, kabla hujafika Bagamoyo mjini ukitokea Dar. Vyumba vinne, sebule na korido moja ndefu. Nimeijenga mdogomdogo kwa miaka, na kila tofali nilikuwepo likipandishwa. Hilo la tofali lishikeni, litarudi.

Bi Mkubwa wangu, yaani mama mzazi, alikuwa anakaa kwa dada yake kule Bagamoyo mjini, kwenye vyumba vya uani, bati tupu bila dari. Mwaka jana kwenye lile joto la kaskazi akaanguka jikoni. Daktari akasema ni presha, na akasisitiza kwamba mama asikae kwenye joto, hasa mchana.

Nikasema basi, anahamia kwangu.

Tatizo ni kwamba kwangu nako kulikuwa tanuri. Paa la kuficha, madirisha makubwa ya vioo, vyote nilivitaka mwenyewe ili nyumba ionekane ya kisasa.

Mama alikubali kwa sharti. Alisema atakuja ajaribu, akishindwa anarudi kwa dada yake na tusigombane. Akaja na begi moja. Akaliweka nyuma ya mlango, na nguo hakuzipanga kabatini. Akitoa gauni anavaa, likifuliwa analirudisha mle mle. Kila nikipita chumbani kwake nililiona lile begi na roho ikaniuma.

Kwa nini central na siyo split, zile za chumba kimoja kimoja? Kwa sababu mama hatulii chumba kimoja. Nilitaka akitoka chumbani aikute korido na baridi yake, akienda kwa wajukuu hivyo hivyo. Mashine kubwa inakaa darini, inasambaza baridi kwa mabomba hadi kila chumba, halafu tundu moja kubwa la koridoni linairudisha ile hewa ipozwe tena. Bei sitaji, mke wangu yumo humu.

Fundi anaitwa Deo, kijana makini, alitoka Dar. Akapima vyumba, akapima madirisha, akauliza jua linapiga upande gani. Mwisho akauliza kama kuna sehemu yoyote hewa inatoka nje.

Nikamjibu bila kupepesa macho: "Nyumba hii nimeijenga mimi. Haina hata upenyo wa sisimizi."

Uzi wote huu umetokana na hilo jibu.

(Kidogo pembeni: mnaokaa karibu na bahari, ulizeni mashine ya nje imepakwa dawa ya kuzuia kutu. Chumvi ya huku haina huruma. Tuendelee.)

Kazi ya kufunga ilichukua siku nne. Tukawasha, watoto wakapiga makofi, nikajipiga picha. Saa moja ya kwanza raha tupu.

Kuanzia siku ya pili, mashine inanguruma kutwa haipumziki. Nimeweka nyuzi joto 22, chumba kinasoma 29. Naingia kwa Bi Mkubwa mchana namkuta amekaa chini ya tundu la AC, anajipepea kwa kipepeo cha ukindu. Wakuu, hiyo picha sitaisahau.

Nikampigia Deo. Akasema kwa vipimo vyake ilitakiwa itoshe, labda tuongeze mashine, atakuja Alhamisi kupima upya. Mimi kimoyomoyo nilishakubali.

Jumatano mama akaniita. Hakulalamika hata kidogo. "Mwanangu, umejitahidi na Mungu anaona. Jumamosi nirudishe kwa dada yangu."

Nilichokiona kichwani ni lile bati la uani na mama akianguka tena bila mtu karibu.

Alhamisi alasiri Deo akafika na futi yake. Sasa Bi Mkubwa kila Alhamisi lazima afukize. Chetezo, makaa, udi na ubani, chumba hadi chumba. Nikaenda kumwomba angoje kidogo, moshi usije ukaingia kwenye mashine mpya.

Nikamkuta amesimama karibu na dirisha, chetezo mkononi, anatazama juu. Moshi ulikuwa unapanda moja kwa moja hadi kwenye lile boksi la jipsamu linaloficha reli ya pazia, unaingia nyuma yake na haurudi.

Akaniuliza, "Udi wangu unakwenda wapi?"

Deo akaleta ngazi, akapanda, akachungulia nyuma ya boksi. Akanigeukia, akasema, "Bosi, hapa sisimizi wanapita na mizigo."

Matundu ya hewa. Sita, yamepangwa juu ya dirisha, na wavu wa mbu juu yake. Nikapanda na mimi, nikaona mnazi wa jirani kwa raha zangu.

Na aliyeyaweka ni mimi. Wakati wa kujenga nilimsimamia mwashi nikamwambia kila dirisha liwe na matundu, kwa sababu mtu aliyezaliwa Pwani anajengaje nyumba bila matundu ya hewa? Miaka ikapita, wakaja watu wa jipsamu na maboksi yao ya pazia, wakayafunika, nami nikasahau kabisa. Nilikuwa naipoza Zinga nzima.

Mama alicheka mpaka akakaa kitandani. Ndiyo mara ya kwanza namsikia anacheka ndani ya nyumba yangu.

Tukazunguka nyumba nzima. Mama mbele na chetezo, Deo na ngazi, mimi nimebeba makaa. Kila moshi ulipokimbilia, Deo anaweka alama ya chaki. Ijumaa tukaziba yote kwa vibao vinavyofunguka, ili umeme ukikatika tuyafungue.

Jumamosi saa sita mchana chumba kilisoma 24 na mashine imetulia. Nikaingia na funguo za gari mkononi, nikamuuliza mama tunaondoka saa ngapi.

Alikuwa amejifunika khanga miguuni. "Kwenda wapi?"

Wiki iliyofuata akaja na shauri jipya, kwamba tangu tuzibe nyumba hajapigiwa hodi. Kumbe jirani yetu Bi Tatu alikuja mara mbili, akakuta kila kitu kimefungwa, hodi yake haikusikika, akajua tumesafiri. Nikamrudisha Deo. Akafunga njia za baridi za sebuleni, baridi yote ikabaki korido na vyumbani. Sebuleni tukafungua matundu na mlango wa mbele, kama nyumba za watu, na mlango wa korido tukawa tunaufunga. Deo alinung'unika, lakini nyumba ni ya wenye kukaa.

Nilichojifunza: kabla hujauliza mashine iwe kubwa kiasi gani, washa chetezo, pita kila dirisha, fuata moshi. Na fundi akikuuliza swali, kaangalie kwanza ndiyo ujibu. Central nzuri sana wakuu, mjinga alikuwa mimi.

Waliofunga leteni uzoefu wenu, na wa kunicheka pia ruksa.

Na kwa mtakaouliza kama Bi Mkubwa bado yupo: lile begi kamwazima Bi Tatu, kaenda nalo harusini Tanga. Miezi miwili sasa, mama hajaliulizia.