Mabawa Mawili ya Kushoto

Karakana nzima ilimwita Bi Ngoja, na mwenyewe alikuwa ameshalizoea jina hilo. Ndiye aliyeitunga lugha ya kompyuta inayoziamuru mashine za kudarizi: sindano iende huku, ishone kule, uzi ukatwe. Maneno ya lugha hiyo ni machache, na Bi Ngoja aliyalinda kwelikweli. Ukimpelekea neno jipya la kuongeza, alikutazama juu ya miwani na kusema, "Ngoja kwanza." Wapo walioanza kungoja wakiwa vijana, sasa wana mvi.

Wifi yake, mke wa kaka yake, hakuumbiwa kungoja. Yeye ndiye mbunifu wa mapambo, na alitaka amri moja tu: *pindua*. Ukishaeleza upande wa kushoto wa pambo, useme *pindua*, na mashine ijishonee upande wa kulia. Kwa lugha ilivyokuwa, ilibidi aandike kila mstari upya, kinyume chake. Wiki ile alichoka akasahau kuigeuza mistari ya bawa la pili, na mashati ya kwaya nzima yakatoka na ndege wenye mabawa mawili ya kushoto.

"Wifi, ukinikatalia na safari hii, nahamia ile lugha ya mashine inayouzwa dukani," alisema. "Tutabaki kuonana kwenye harusi na misiba."

Bi Ngoja alikunja uso, lakini moyoni aliumia. Miaka yote walikuwa wakikaa meza moja, wakigombana na kupatana kabla chai haijapoa. Aliogopa kumpoteza. Aliyaogopea pia mapambo ya zamani, maana huenda kuna mteja aliyekwisha kuliita pambo lake Pindua. Mashine ingelidhani jina hilo ni amri, na kazi ya mtu ingeharibika bure.

"Sheria ni sheria," akasema. "Tulisome."

Sheria yenyewe aliiweka yeye: hakuna neno linaloingia mpaka lisomwe kwa sauti, na mtu mwingine, akiwa amempa msomaji mgongo, achore ubaoni anachokisikia. Zamu ya kuchora ilimwangukia yeye.

Wifi alianza na njia ya zamani. "Kulia tatu, juu mbili, kulia moja, chini nne..." Chaki ilikwenda bila tabu mpaka bawa la pili. Hapo Bi Ngoja akaanza kutokwa na jasho jembamba. Kushoto, juu, kushoto tena. Mistari ikampotea, na mkono ukajichorea ulichokizoea. Alipogeuka, fundi wa mashine alikuwa ameshika mbavu.

"Bi Ngoja, huyo ndege akiruka atazunguka hapohapo!"

Wifi hakucheka. Alifuta ubao, akasoma njia yake. "Kulia tatu, juu mbili, kulia moja, chini nne... Pindua bawa."

Chaki ilimaliza karibu pamoja na sauti yake. Bi Ngoja alimtazama ndege wake, yuko sawa pande zote, akashusha pumzi.

"Njia ya zamani imenishinda," alisema. "Niliwabebesha mzigo nisioweza kuubeba mwenyewe."

"Na mapambo ya zamani?" wifi akauliza, sauti imelainika.

Bi Ngoja alikuwa ameshavuta kiti mbele ya kompyuta. "Pambo jipya litajitambulisha kwenye mstari wa kwanza. Lisilojitambulisha litasomwa kizamani, halitaguswa."

Alasiri walisimama bega kwa bega mbele ya mashine. Sindano ilimaliza bawa la kwanza, ikatua kidogo, kisha ikaanza la pili, ikielekea upande wake. Bi Ngoja alifurahi hata akashindwa kuficha.

"Na lile ombi lako la rangi," akasema, "ulilonikalia nalo kooni mwaka mzima? Lilete tulisome."

Wifi hakuondoa macho kwenye kitambaa.

"Ngoja kwanza," alisema. "Nimwangalie huyu ndege."